Mkia wa Kinyonga

Fundi alikataa kuifungua kaseti mpaka aambiwe kwanza kama ni ya marehemu au ya mtu aliye hai.

"Kwani kuna tofauti gani?" Inspekta aliuliza.

"Tofauti kubwa, baba yangu. Ndani ya hizi kaseti za gemu za zamani mna betri. Hiyo betri ndiyo inayoshikilia yale mchezaji aliyoyahifadhi: jina lake, alipofika, alichokusanya. Ukiitoa, vyote vinaondoka kama moshi. Nikiharibu ya mtu aliye hai, atanitukana, nitamwomba radhi, atacheza upya. Nikifuta ya marehemu, nimwombe radhi nani?"

Inspekta alivua kofia akaiweka juu ya magoti.

"Hilo la marehemu au aliye hai ndilo lililonileta," alisema. "Nataka wewe ndiye uniambie."

Fundi alimtazama juu ya miwani. Alikuwa mwanamke aliyeupita umri wa miaka hamsini, na miwani yake ilifungwa kwa uzi shingoni. Kibanda chake kilikuwa na upana wa mlango tu, kimebanwa kati ya fundi cherehani na duka la kutoa nakala. Redio, saa na simu zilipangwa ukutani zikisubiri zamu kama wagonjwa. Walifahamiana tangu Inspekta alipokuwa kazini kweli. Sasa ilikuwa mwaka wa sita tangu arudishe sare za serikali, lakini jina la Inspekta halikurudishwa pamoja nazo.

"Nieleze," fundi alisema. "Kwa ufupi. Nina redio ya mwalimu hapa, na mwalimu ana mdomo."

Inspekta akaeleza. Mteja wake alikuwa dada mmoja mfamasia. Miaka kumi na tisa iliyopita kaka yake, akiwa na umri wa miaka kumi na minne, aligombana na baba yao, akabeba begi la shule, akaondoka. Ndani ya begi mlikuwa na gemu yake ya mkononi. Hakurudi. Baba alifariki akimsubiri. Halafu, miezi minne iliyopita, mwanamume wa miaka thelathini na kitu alibisha hodi, gemu ile ile mkononi. Mama yao, ambaye ana mtoto wa jicho macho yote mawili, alimpapasa uso wake kuanzia kipaji hadi kidevu, akasema, "Umerudi."

"Na dada?"

"Dada alikuwa na miaka minane kaka alipoondoka. Picha iliyobaki ni moja, ya darasa zima. Sura ya kaka humo ni kubwa kama punje ya mchele."

"Si wapime damu? Siku hizi si inajulikana?"

"Mama amekataa. Kasema mwanawe hapimwi kama maziwa ya kuuza. Na binti ameapishwa asipime hata kwa siri."

Fundi alicheka kidogo, kisha akanyamaza, maana Inspekta hakucheka.

"Sikiliza hapa penye uzito," Inspekta aliendelea. "Tangu mtu huyu aje, mama anakula. Anaimba akioga. Upasuaji wa macho alioukataa miaka yote ameukubali, na ni keshokutwa, Alhamisi. Ameapa kwamba siku atakayofunguliwa bendeji, mtu wa kwanza kumwona atakuwa mwanawe. Dada hataki kumfukuza mtu. Swali lake ni moja: kama huyu siye, kaka yangu yuko wapi? Na analitaka jibu kabla mama yake hajafunguliwa macho."

Fundi alivuta kiti mbele. "Lete."

Kwanza aliichomeka kaseti kwenye mashine yake mwenyewe, akaiwasha. Wimbo mwembamba ukalia, kioo kikang'aa kijivu, na mstari wa herufi ukatokea: KINYOGA. Chini yake, muda wa kucheza: saa 41.

"Kinyoga ndiyo nini?"

"Kinyonga. Ndilo jina la utani la dada. Kaka alimpa kwa sababu alikuwa habaki na hali moja, mara analia, mara anacheka. Mchezaji wake kwenye gemu alimwita kwa jina hilo. Nafasi za herufi ni saba, na kinyonga lina nane. Nadhani mtoto alilibana."

"Na mwenye gemu anasemaje?"

Inspekta alifungua daftari. Alikuwa na tabia ya kuandika maneno ya watu kama walivyoyatamka, bila kuyapiga pasi. Akasoma: "'Sijawahi kuifungua. Ni vile vile nilivyoondoka nayo.'"

"Ehe," fundi alisema, akachukua kioo cha kukuzia. "Basi tuanze na skrubu."

Skrubu ilikuwa moja tu, yenye kichwa cha ajabu kisichokubali bisibisi ya kawaida. Fundi alimwonyesha pembe zake: zilikuwa zimelika. Mtu alikuwa ameihangaikia kwa kifaa kisicho chake. Alipoinua kifuniko, bodi ndogo ya kijani ilitokea, na juu yake betri bapa, kama kifungo cha koti.

Fundi hakuigusa. Alitazama muda mrefu.

"Mwongo," alisema taratibu.

"Nani?"

"Mwenye kusema haijafunguliwa. Tazama hivi vibati viwili vinavyoishika. Kiwandani huvibana kwa mashine, unaona vidoa tu, kama umechoma kwa sindano. Hapa pana lehemu ya mkono, donge kama ute wa kamasi. Aliyefanya si fundi mbaya, ila aliharakishwa. Na alikuwa muungwana, maana ameandika tarehe." Akamsogezea kioo. Juu ya betri, kwa kalamu nyembamba, palikuwa na mwezi na mwaka. Inspekta alihesabu kwa vidole. Miezi sita iliyopita. Miezi miwili kabla ya hodi.

Fundi aliweka ncha za mita. "Volti tatu na nukta moja. Bado mbichi. Za kiwandani huishi miaka kumi na mitano, zikipendelewa sana ishirini. Hii ya kwanza ilikufa, ikabadilishwa. Na ilipokufa ilizika kila kitu. Kwa hiyo hilo jina uliloliona, Inspekta, halikuandikwa na mtoto wa miaka kumi na minne. Limeandikwa ndani ya miezi sita hii."

"Na saa arobaini na moja?"

"Za baada ya betri mpya. Mtoto aliyekuwa na gemu hii alicheza miaka, au saa arobaini?"

"Dada anasema betri zote za redio ya baba ziliishia humo. Ndio uliokuwa mwanzo wa ugomvi."

"Basi unalo jibu."

Inspekta alitikisa kichwa. "Ninalo nusu. Mwenye mali naye anaweza kubadilisha betri, akaona jina limefutika, akaliandika upya. Halafu akaona aibu kusema."

"Au kainunua kwenye mitumba."

"Hapo ndipo pagumu. Mtu wa mitumba angejuaje jina la utani la mtoto wa miaka minane? Lilikuwa jina la nyumbani kwao tu. Aliyeandika hivi ama ni kaka, ama ni mtu aliyekaa na kaka muda mrefu." Alivaa kofia. "Funga, fundi. Usiitoe betri."

"Sikuwa na nia," fundi alisema. "Bado hujaniambia ni ya nani."

*

Jumatano mchana Inspekta alifika nyumbani kwa mteja wake. Mama alikuwa amelala baada ya matone ya macho. Dada alimkaribisha jikoni kwa sauti ya chini, akaendelea kukunja nguo za mama za kwenda nazo hospitali.

"Nilikwambia, mzee," alisema aliposikia habari za betri. "Siku nilipoona kile kioo nilisikia kitu. Ni jina langu, lakini ni kama nimevaa kiatu cha mtu mwingine. Sikujua kinabana wapi."

"Ulikuwa unajua kusoma wakati ule?"

"Kidogo. Kaka ndiye alinifundisha, kwa hiyo hiyo gemu."

Inspekta hakukaa. Alizoea kutembea ndani ya chumba huku akizungumza, mikono nyuma, na hivyo ndivyo alivyofika kwenye fremu ya mlango wa stoo. Mbao zilipakwa rangi ya maziwa miaka mingi iliyopita, lakini ubavu mmoja mpakaji aliuruka. Pale palikuwa na mistari ya penseli, mmoja juu ya mwingine, ya kupimia urefu wa watoto. Upande wa kushoto, kando ya kila mstari, paliandikwa MIMI. Upande wa kulia, chini zaidi, KINYONG.

Inspekta alivaa miwani. Rangi iliishia kando kabisa ya herufi G. Bila shaka A ilikuwa imefunikwa. Akatoa kisu kidogo cha mfukoni, akaomba ruhusa kwa macho, akakwangua rangi taratibu. Chini yake mlikuwa na mbao tupu. Akakwangua kando ya mstari wa pili. Tupu. Wa tatu, tupu vile vile.

"Njoo unisomee hapa," alisema.

Dada alikuja na soksi mkononi. Alisoma. Kisha alikaa chini sakafuni, palepale.

"Mkia," alisema.

"Mkia gani?"

"Mkia wangu! Yesu... niliusahauje mkia wangu?" Alikuwa akicheka na machozi yanamtoka, na kwa dakika ile Inspekta alijionea jina lake la utani lilikotoka. "Kaka aliandika herufi moja moja. K, I, N... Alipofika kwenye G, gemu ikakataa. Ilikuwa imejaa. Akaniambia, 'Pole, mkia wa kinyonga umekatika.' Nililia, mzee, nililia mpaka mama akaja. Nikamwuliza, kinyonga asiye na mkia atajishikaje mtini? Akaniambia, 'Ukiwa mkubwa nitakurudishia.' Tangu siku ile aliniandika hivyo kila mahali. Kwenye daftari, ukutani, kwenye vumbi la kioo cha gari la jirani. Kinyong. Kinyong."

Inspekta alitoa daftari, akaandika majina mawili, moja chini ya jingine. KINYONG. KINYOGA. Yote yalikuwa na herufi saba.

"Mtoto aliandika mpaka nafasi ilipokwisha, akaacha neno likining'inia," alisema, akiyagusa kwa penseli. "Hakujali. Lakini mtu mzima hawezi. Neno la Kiswahili haliishii hewani, lazima lipate irabu ya kukanyagia. Huyu alipoona nane haziingii saba, aliinyofoa herufi ya katikati ili A ya mwisho ipate kiti. Alikuwa analijua jina kwa kulisikia. Kuliona, aliliona zamani, akasahau limekatwa wapi."

"Kaka asingesahau."

"Asingesahau."

Dada aliikunja ile soksi, akaikunjua, akaikunja tena. "Yuko nyuma," alisema.

*

Mwanamume yule alikuwa uani, amepiga magoti juu ya mkeka, akishona godoro la mama. Alikuwa amelifumua, akachambua pamba yake, akairudisha, na sasa alikuwa akifunga kingo kwa sindano ndefu iliyopinda. Mishono yake ilikuwa sawasawa, kama iliyopigwa na mashine. Inspekta alivuta ndoo, akaigeuza, akaketi.

"Umejifunzia wapi kushona hivyo?"

"Kiwandani, mzee. Kiwanda cha magodoro. Miaka kumi na mitano."

"Mlikuwa wangapi?"

Sindano ilisimama kidogo, ikaendelea. "Wengi."

"Chumbani, namaanisha."

"Wawili."

Inspekta alitoa kaseti mfukoni, akaiweka juu ya godoro, karibu na uzi.

"Hii ulisema hujawahi kuifungua."

"Ndiyo."

"Ina betri ya miezi sita."

Mwanamume aliitazama kaseti. Alikuwa na uso mpole, wa mtu aliyezoea kuulizwa na wakubwa. "Ilikufa," alisema hatimaye. "Nikabadilisha. Niliona haina maana kusema."

"Sawa, watu hudanganya kwa madogo. Niambie kubwa. Mkia wa kinyonga uko wapi?"

"Nini?"

"Kaka wa huyu binti angenijibu kabla sijamaliza. Nauliza tena. Mkia uko wapi?"

Mwanamume alimtazama, akatazama mlango wa jikoni, akatazama sindano. Kuku wa jirani alipita, akadonoa uzi, akaondoka. Hakuna aliyemfukuza.

"Sijui," alisema. "Huo hakuniambia."

Ikawa imetoka. Inspekta hakuandika. Alingoja, kwa maana alijua kwamba mtu akishaangusha jiwe la kwanza, mengine hayahitaji kusukumwa.

"Tulikuwa tunalala kitanda cha juu na cha chini," mwanamume alisema. "Yeye juu. Kila usiku ka-wimbo kale. Nilikuwa namtukana: 'We mzee mzima, zima hilo dude, kesho zamu!' Ananiambia, 'Namsalimia dada.' Basi anawasha, anatazama jina, anazima. Hachezi hata. Kutazama tu." Alipangusa uso kwa mkono wenye pamba, pamba ikabaki kwenye nyusi. "Vumbi la kule liliingia kifuani mwake. Miaka mitatu iliyopita. Nilimpeleka hospitali mgongoni, lifti ilikuwa mbovu, ghorofa nne. Akaniambia, 'Mpelekee Kinyonga hii. Jina lake bado limo.'"

"Ulimzika wapi?"

"Kule kule. Kaburi ninalijua. Nililijengea mimi."

"Na kaseti ukaiweka."

"Kwenye droo. Nikasema mwezi ujao nitaenda. Mwezi ujao. Mzee, utaanzaje kubisha hodi na habari kama ile? Miaka miwili na nusu. Siku nilipopiga moyo konde, nikaiwasha nihakikishe. Palikuwa peupe. Hakuna jina, hakuna kitu. Nikakimbia nayo kwa fundi, namwambia fanya haraka, fanya haraka. Akaniambia imeshakufa zamani, hapa hakuna cha kuokoa." Alivuta uzi wa godoro. "Alikufa mara moja mikononi mwangu. Mara ya pili nikamwua mwenyewe, kwenye droo."

"Ukaandika upya."

"Nikaandika upya. Nikacheza mpaka pale nilipokumbuka alikuwa amefika, juu ya mlima wenye theluji. Mimi si mchezaji, nilikufa humo mara mia. Nilitaka waikute kama alivyoiacha. Nilikuja kuitoa mlangoni na kuondoka, naapa. Mama akanishika uso. Akasema lile neno." Aliangalia viganja vyake. "Ningemwambia nini? Nilisema nitamwambia kesho. Nimekuwa mtu wa kesho maisha yangu yote."

"Kesho yako imekwisha," Inspekta alisema, bila ukali. "Alhamisi anapasuliwa. Siku akifunguliwa bendeji atamtafuta mwanawe usoni mwako, na hatamkuta. Ripoti yangu naikabidhi leo saa kumi. Mtu wa kumwambia mama kabla ya hapo anaweza kuwa binti yake, anaweza kuwa mimi. Lakini hatukumbeba ghorofa nne."

Mwanamume aliishona ile kingo mpaka mwisho. Alifunga fundo, akakata uzi kwa meno, akalisimamisha godoro ukutani lipate jua. Ndipo akachukua kaseti, akaingia ndani. Alipompita dada mlangoni, hakumwangalia.

"Alikusalimia kila usiku," alimwambia. "Miaka yote kumi na sita."

*

Walisimama ukumbini, Inspekta na dada, nje ya chumba cha mama. Mlango uliachwa wazi kidogo. Hawakusikia maneno ya mwanamume, mngurumo wa chini tu, ukisita, ukiendelea. Kisha ukakoma.

Dada alitaka kuingia. Inspekta alimgusa kiwiko, akatikisa kichwa.

Halafu mama alilia. Hakupiga kelele. Ilikuwa sauti moja, ndefu, ya mtu anayetua mzigo aliouhimili miaka kumi na tisa na kukuta mabega hayanyooki tena. Dada aliingia safari hii, na Inspekta hakumzuia. Alibaki akitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na robo.

Sauti ya mama ilipotoka tena, ilikuwa imekauka.

"Alilalamika?"

"Hapana, mama."

"Usiniite mama, kwanza. Ngoja." Alisikika akipenga pua. "Ulimwosha wewe?"

"Mimi."

"Mikono yako hii?"

"Hii."

"Mimi nimeipapasa miezi minne nikidhani ni yake." Kitanda kililia. "Umenifanyia vibaya. Sijui kama nitakusamehe, usiniulize leo. Lakini kesho hospitali utakuja. Na siku nikifunguliwa bendeji utasimama mbele yangu, usijifiche nyuma ya watu. Nataka kumwona mtu aliyemzika mwanangu."

Inspekta aliondoka ukumbini. Jikoni alikaa, akaandika ripoti yake kwa ufupi: betri, tarehe, fremu ya mlango, majina mawili. Kwenye swali la mteja aliandika jibu kwa mstari mmoja, akaacha nafasi ya jina la makaburi.

Dada alikuja baada ya muda, ameshika gemu. Alisoma ripoti akiwa amesimama. Aliporudi kwenye yale majina mawili, aliwasha gemu. Wimbo mwembamba ukalia, herufi saba zikapanga mstari.

"Ukitaka kuliandika kama alivyoliandika yeye, inabidi uanze upya," Inspekta alimwambia. "Fundi amesema betri hiyo ina miaka kumi na mitano mbele yake."

Dada alitazama kioo. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Kisha akakiondoa.

"Tazama, mzee," alisema. "Tumboni kapungua. Lakini mkia umerudi."